Rafiki, mwenzi, mwandani au swahiba: umwiteje mtu aliyesimama nawe?

Umeombwa useme maneno machache kwenye harusi ya mtu aliyekuvusha miaka migumu. Wageni wametoka Busia, Arua na Mbarara, wengine wamevuka mpaka, kwa hiyo mmekubaliana kwamba Kiswahili ndicho kitakachowafikia wote. Salamu unaziweza, shukrani unaziweza. Unafika pa kumtaja yeye mwenyewe, na hapo unasita: ni rafiki yangu? Mwenzangu? Mwandani wangu? Swahiba yangu?

Hapa Uganda swali hili lina uzito wake. Kwa miaka mingi wengi wetu tulikisikia Kiswahili kama lugha ya amri: simama, kaa chini, toa kitambulisho. Ilikuwa lugha ya kambi na ya kizuizi barabarani, na Idi Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, woga wa watu kwa askari wake ukaiandama nayo. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto sasa wanarudi nacho nyumbani. Lakini maneno ya upole, yale ya kumwitia mtu unayempenda na kumwamini, hayajazoea vinywa vyetu. Ndiyo maana tunakimbilia "rafiki" kwa kila mtu na kila shughuli. Mimi nataka tuyajue na mengine, kwa sababu kumshukuru mtu kwa neno linalomfaa ni sehemu ya shukrani yenyewe.

Mambo manne ya kupimia

Kubwa kuliko yote ni aina ya uaminifu unaotaka kuutaja. Yuko aliyekufaa siku ya shida. Yuko aliyepita nawe njia moja, mkala njaa moja. Yuko aliyeyajua ya ndani yako akayatunza. Na yuko yule ambaye mmekaa naye kwa mapenzi na heshima ya miaka. Mtu mmoja anaweza kuwa hao wote, lakini kila neno humtazama kutoka upande wake.

La pili ni sarufi, maana haya maneno manne hayachukui upatanisho mmoja, na kosa dogo hapo huvuta masikio ya watu kuliko sifa uliyotaka kuitoa. La tatu ni wasikilizaji: watalielewa? La nne ni pale neno linapoweza kukugeuka, likasema usilokusudia.

Nitajaribu pia sentensi moja kwa maneno yote manne, juu ya mtu aliyekesha nawe ulipolazwa hospitali ya Mulago, uone kila neno linavyoigeuza.

Rafiki

Neno limetoka Kiarabu, na huko asili yake ni mwenza wa safari, mtu mnayefuatana njiani. Katika Kiswahili safari imesahaulika, ikabaki methali inayotoa kipimo: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Uaminifu wa rafiki, basi, ni ule uliojaribiwa. Tatizo ni kwamba neno lenyewe likiwa peke yake halisemi kama majaribu hayo yamepita. Kijana uliyekutana naye jana ni rafiki, na aliyeuza ng'ombe akulipie karo naye ni rafiki. Kina huletwa na linalofuata: rafiki mkubwa, rafiki wa dhati, rafiki wa kufa na kuzikana.

"Rafiki yangu alikesha nami Mulago." Sentensi ni safi, inaeleweka, na inamwachia msikilizaji akadirie mwenyewe ukaribu wenu kwa tendo lililotajwa.

Katika sarufi, hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Ni rafiki yangu, si "rafiki wangu". Anayejua Luganda ana mahali pa kujishikiza: hasemi "mukwano wange", anasema mukwano gwange, ingawa anayetajwa ni mtu. Kimilikishi kinafuata umbo la nomino. Lakini kitenzi na kivumishi cha sifa hukumbuka kwamba huyu ni binadamu: rafiki yangu mwaminifu amefika. Tena ukiunganisha na nomino nyingine, ni rafiki wa baba, rafiki wa kweli. Katika wingi wengi husema marafiki zangu, na rafiki zangu ni sawa pia.

Kwa wasikilizaji, hakuna neno salama kuliko hili. Kuanzia Kisenyi ya Kampala hadi Unguja hakuna asiyelijua. Lakini usalama huo umelichosha kidogo. Wauzaji wa vinyago hulitumia kumwitia mgeni ambaye hawajawahi kumwona, na msikilizaji aliyezoea hilo hatatikisika ukilitamka peke yake mbele ya jeneza au keki ya harusi. Jambo jingine ni umri. Mzee wa rika la baba yako usimwite "rafiki yangu" usoni pake, hata kama mnapendana kweli. Mwite mzee, kisha waambie wengine kwamba amekuwa rafiki yako.

Rafiki linamfaa anayeanza kujifunza, anayesema na umati mchanganyiko, na anayetaka tendo lizungumze kuliko jina.

Mwenzi, na hasa mwenzangu

Hili ndilo ningependa Mganda, Msoga au Munyoro alijue mapema, kwa sababu tayari analo nyumbani kwao kwa sura nyingine. Tazama Luganda: munnange, munno, munne, munnaffe, munnammwe, munnaabwe. Kiswahili nacho: mwenzangu, mwenzako (au mwenzio), mwenzake, mwenzetu, mwenzenu, mwenzao. Lugha zote mbili zimekishika kimilikishi zikakifumbata ndani ya neno, kana kwamba mtu wa namna hii hawezi kutajwa bila kusema ni wa nani. Hata matumizi yanafanana. Mwanamke wa pwani akitaka kumwaga habari nzito huanza, "Mwenzangu, we acha tu!" na wa Kampala huanza kwa "munnange". Ukipiga kelele "bannange!" kwa mshangao, Kiswahili kitakujibu "jamani!"

Kuna jambo moja hapa linalonigusa kila ninapolifikiria. Waganda wana methali: munno mu kabi, ye munno ddala. Maana yake ni ileile ya akufaaye kwa dhiki. Lakini mahali ambapo Kiswahili kimeweka rafiki, Luganda imeweka munno, yaani mwenzako. Kwa hiyo Muganda anayetaka kusifu uaminifu wa siku ya shida na kusema mwenzangu hajakosea hata kidogo. Analeta ndani ya Kiswahili hisia ambayo lugha yake imeihifadhi, na Kiswahili kina nafasi ya kuipokea.

Uaminifu wa mwenzi ni wa kushiriki hali. Mlisoma pamoja, mliendesha boda steji moja, mlikimbia vita njia moja, mlifiwa mwaka mmoja. Si lazima mlichaguana. "Mwenzangu alikesha nami Mulago," na msikilizaji anaanza kujiuliza mlishiriki nini: ni mfanyakazi mwenzako? Alikuwa kitanda cha pili? Ni mke? Sentensi inaomba maelezo, na ukiyatoa inakuwa na nguvu kuliko ile ya rafiki: "Mwenzangu wa tangu Senior One alikesha nami Mulago."

Sarufi yake ni nyepesi, ila kuna tofauti moja ya kuchunga. Mwenzangu ni mtu tunayeshirikiana hali fulani. Mwenzi wangu, kwa maneno mawili, wengi watasikia mume au mke, mwenzi wa ndoa, mwenzi wa maisha. Ukimtaja jirani yako wa kiume kama "mwenzi wangu" mbele ya wakwe, utalazimika kueleza. Umbo la mwenza nalo linapatikana sana katika vyeo: mwenyekiti mwenza, mgombea mwenza.

Hutumika pia nyuma ya nomino, na hapo ndipo uzuri wake mkubwa ulipo: wanafunzi wenzangu, wafanyakazi wenzetu, wakulima wenzangu. Hapa Uganda chunga jambo moja. Majirani zetu wa Kenya na Tanzania humwita kila raia wa Uganda Mganda. Ukisimama Gulu au Soroti ukasema "Waganda wenzangu", watu watasikia umewaita Baganda peke yao, yaani kabila moja tu, nao hawamo. Sema wananchi wenzangu, na kila mtu atakuwa ndani.

Udhaifu wa neno ni kwamba halina dhamana ya mapenzi. Ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji: mwenzako huyo anaweza kuwa mtu usiyempenda wala kumchukia, aliyekutangulia tu kwenye wembe. Tena kwenye simu herufi moja ikipotea, mwenzi anakuwa mwezi, na ikibadilika nyingine anakuwa mwizi. Soma ujumbe wako kabla ya kuutuma.

Linamfaa mtu wa kikundi, wa kazini, wa chama, wa msiba, na kila mwenye lugha ya Kibantu nyumbani anayetaka Kiswahili kisimwondoe kwao.

Mwandani

Mwandani ni rafiki wa ndani kabisa, mtu wa siri zako. Masikioni neno linasikika na "ndani", na ndivyo linavyotumika: aliyevuka sebule akafika mahali ambapo wageni hawafiki. Uaminifu wake ni wa kujua na kunyamaza.

"Mwandani wangu alikesha nami Mulago." Sasa sentensi imebadilika kabisa. Tunaelewa kwamba huyu alijua daktari alisema nini, wakati wengine waliokuja na uji na machungwa waliambiwa ni malaria. Neno moja limebeba hayo yote.

Sarufi haisumbui: mwandani wangu, wandani wangu, wa- kila mahali. Ila wingi wake utumie kwa kiasi. Mtu mwenye wandani ishirini hana mwandani.

Wasikilizaji ndio mtihani. Katika ushairi na vitabu neno ni la kawaida, lakini Kampala wengi waliokipata Kiswahili sokoni, kambini au kwenye malori hawalijui. Na anayesoma magazeti ya Kenya analijua kwa upande mwingine, wa siasa: wandani wa rais, wandani wa gavana, yaani watu wa karibu wa mkubwa wanaosema kwa niaba yake. Msomaji wa namna hiyo anaweza kusikia madaraka pale ulipotaka asikie mapenzi. Pia usilichanganye na mwanandani, ambao ni ule uchimbo wa pembeni ndani ya kaburi anamolazwa maiti. Silabi moja ikiongezeka kwenye hotuba ya maziko, Waislamu waliopo watashtuka. Mitego ya aina hii tunaijua: watu wa Kisoro wakisema mugenzi wana maana ya mwenza, na Luganda ukisema omugenzi umemtaja marehemu.

Pamoja na hayo, hili ndilo neno ninalolipenda kuliko yote manne kwa kumtaja mtu mmoja. Linamfaa anayeandika barua, shairi, wasifu, au anayesema mbele ya watu wachache wanaojua Kiswahili vizuri.

Swahiba

Swahiba, au sahibu, nalo ni la Kiarabu. Ni rafiki wa kukaa naye, na urafiki wenyewe huitwa usuhuba. Kwa Mwislamu lina mwangwi wa pekee, kwa sababu wafuasi wa Mtume waliokuwa naye huitwa maswahaba, na Qur'ani katika Sura At-Tawba, aya ya 40, inamtaja aliyekuwa na Mtume pangoni kama sahibu yake, akiambiwa asihuzunike. Uaminifu wa swahiba, basi, ni wa kutoondoka: yupo pamoja nawe, kwa adabu na mapenzi, hata hatari ikiwa mlangoni.

"Swahiba yangu alikesha nami Mulago" ina ladha ya pwani na ya shairi. Kimilikishi utakisikia cha namna mbili, yangu na wangu. Mimi hukifuatisha na rafiki, nikasema yangu, na kitenzi kikabaki cha mtu: swahiba yangu amekuja. Wingi ni maswahiba. Usiseme maswahaba kwa marafiki zako wa kawaida, hilo liache kwa wenyewe.

Katika msikiti wa Old Kampala, au Bombo kwa Wanubi ambao lugha yao imezaliwa na Kiarabu, neno litapokelewa vizuri. Kwenye mkutano wa wakulima wa kahawa Masaka huenda wengi wakatazamana. Linamfaa mwenye wageni wa pwani, mtunga mashairi, na Mwislamu anayemtaja rafiki wa dini na dunia.

Mengine yanayokaribia

Ndugu ni neno lenye joto, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 Watanzania walilifanya la kumwitia kila mtu. Hapa kwetu likisemwa bila maelezo watu wataanza kutafuta ukoo. Lakini kama mlifunga omukago wa zamani wa Buganda, mkala buni moja iliyopakwa damu ya kila mmoja, Kiswahili kina jina lake: ndugu wa kuchanjiana. Hakuna jingine litakalofikia hapo.

Msiri ni mtunza siri tu. Anaweza kuwa wakili. Mpambe ni anayemsimamia bwana au bibi harusi, na kwa bahati mbaya pia ni mtu wa kumshangilia mwanasiasa. Somo kwa watu wa pwani ni mwenye jina moja nawe, na pia rafiki wa karibu, lakini mwanafunzi wa Uganda atafikiria hisabati. Shoga, ambalo wanawake wa pwani waliitana kwa mapenzi, leo hapa linasikika kwa maana nyingine kabisa, ya mapenzi ya jinsia moja, na kumwita mtu hivyo hadharani kunaweza kumletea matatizo makubwa; usilitumie. Mshikaji ni la vijana wa Tanzania na linafaa mazungumzoni, si kwenye kadi. Na kama unamsifu mtu kwa uaminifu, usimfananishe na mbwa hata kama unampenda mbwa wako sana. Katika Kiswahili ni tusi, na Luganda nayo haitakuokoa.

Kulingana na shughuli yako

Kwenye harusi au kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba, yenye wageni wa kila aina, anza na neno la wote kisha uwapandishe: "Huyu ni rafiki yangu. Kwa Kiswahili cha ndani zaidi ni mwandani wangu, kwa sababu anajua mambo yangu ambayo hata mama hayajui." Umewaeleza neno bila kuwafundisha, na bwana harusi atalikumbuka.

Kwenye maziko, kama marehemu alikuwa mtu wa kikundi chenu, mwenzetu ametutoka inatosha na inawakusanya wote waliofiwa. Kama ulikuwa naye wewe peke yako katika siku zake za mwisho, rafiki wa kufa na kuzikana ni fungu zito, litumie pale tu lilipo kweli.

Katika barua ya kazini mwandike mwenzako kama mfanyakazi mwenzangu, au mshirika ikiwa ni wa biashara. Rafiki ndani ya barua rasmi huonekana kama unaomba upendeleo. Kwa afisa wa jeshi au polisi, hata kama mlicheza mpira pamoja utotoni, anza na afande. Urafiki usubiri mtakapokuwa wawili peke yenu.

Kwa ujumbe wa siku ya kuzaliwa ya mtu anayekijua Kiswahili kidogo, andika rafiki yangu mkubwa, na uhakikishe ni "yangu". Kwa anayekijua vizuri andika mwandani wangu. Ukiwa na shairi la kukamilisha, swahiba litakusaidia katika vina, maana linamalizika na -ba pamoja na baba, huba na haiba.

Na kama wewe ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya Luwero au Jinja, usianze somo hili na rafiki. Andika ubaoni munnange, uliza darasa wanamwita nani hivyo, kisha andika chini yake mwenzangu na uendelee na munno na mwenzako, munne na mwenzake. Rafiki wataleta wenyewe kabla ya kengele, nawe utakuwa na muda wa kuwaonyesha kwa nini ni yangu na si wangu.